Naomba ushauri: sampuli za yangeyange wa Ziwa Kivu

Jambo wakubwa na wadogo. Niko Bukavu, nasomea udaktari wa mifugo. Nachukua sampuli za koo na kinyesi cha yangeyange wanaozunguka mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa. Wawili tuliwakuta shingo zimelegea, macho yamefumba. Kipimo cha mafua ya ndege hakikuonyesha kitu, lakini roho haitulii: kile kinatafuta mafua tu, na ndege wa porini hubeba virusi vya aina nyingi.

Tangu 2017 kamati ya kimataifa ya kuainisha virusi inakubali virusi vipya kwa jenomu (vinasaba vyake vyote) peke yake, bila kuviotesha maabara. Ila RNA, vinasaba vya virusi vingi, huoza upesi, na umeme hapa unakatika kila usiku. Niihifadhi kwa dawa gani bila friji? Na kibali cha kuvusha sampuli mpaka, naanzia wapi?