Django (zana ya Python ya kutengeneza tovuti): kuunga taarifa za mkulima na akaunti yake

mwana_masasi: Wakuu habarini, natengeneza mfumo wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja huku Masasi, mkulima alogini aone kilo za korosho alizopeleka ghalani. Modeli (jedwali la data) ya Mkulima ninayo, ina simu na kijiji, sasa naiungaje na User, yaani modeli ya akaunti ya Django, ForeignKey (rekodi nyingi kwa moja) au?

fundi_kodi: Mkulima mmoja akaunti moja, hiyo OneToOneField (moja kwa moja), na usimwite User moja kwa moja, andika settings.AUTH_USER_MODEL. ForeignKey iweke kwenye modeli ya Mzigo maana mtu anapeleka magunia mara nyingi msimu mmoja. Na simu usiifanye unique (isiyoruhusu kujirudia), wazee wengi wanatumia ya mtoto.

nyangao_tech: on_delete (kinachotokea rekodi ikifutwa) nayo angalia kaka, ukijaza CASCADE kila mahali karani akifuta akaunti mizigo yote inaondoka nayo, siku ya malipo utajificha wapi? Weka PROTECT, inazuia kufuta.

mwana_masasi: Duh, sawa. Ila request.user.mkulima (Mkulima wa aliyelogini) kwangu inakubali, kwa akaunti za zamani inagoma

fundi_kodi: Hao hawana rekodi ya Mkulima bado. Hata ukiweka signal ya post_save (kodi inayojiendesha akaunti ikihifadhiwa) yenye sharti la created, inawatengenezea wapya tu, wa zamani wapitishie get_or_create (itafute rekodi, isipokuwepo iitengeneze) kwenye shell ya Django, pale unapoandika amri