Kompyuta imekuwa nzito baada ya kupandishwa toleo la mfumo endeshi: nianzie wapi kuchunguza?

Mtunzahesabu anauliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaomba msaada wa kuelewa jambo moja kabla sijachukua hatua ambayo sitaweza kuitengua. Kompyuta yangu ni ya mpakato, ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, RAM ya GB 8 na diski kuu ya kuzunguka yenye nafasi ya TB 1. Wiki iliyopita niliipandisha kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 kwa njia ya kawaida ya masasisho, na kazi hiyo ikakamilika bila ujumbe wowote wa hitilafu.

Tangu hapo imekuwa nzito kupita kiasi. Ninapoiwasha hufika kwenye dirisha la nywila kwa muda unaovumilika, lakini nikishaingia hukaa dakika kadhaa kabla ya kuweza kufungua hata folda moja. Nikifungua jedwali la hesabu kishale huganda, kisha maandishi yote niliyochapa hutokea kwa mpigo. Feni haivumi sana wala mashine haipati joto, jambo linalonishangaza, kwa kuwa nilitarajia kompyuta inayohangaika kiasi hiki iwe na joto.

Kila niliyemweleza amenishauri nifomati na kuweka mfumo upya. Sitaki kukimbilia huko, kwanza kwa sababu mle ndani mna mahesabu ya miaka mingi ambayo nakala zake hazijakamilika, na pia kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia ugonjwa ni upi. Je, kuna namna ya kujua kwa uhakika ni sehemu gani ya kompyuta inayokwamisha nyingine?

Nuru_T anajibu:

Ndugu Mtunzahesabu, umefanya vyema kutofomati. Mfumo wa zamani bado unao: umehifadhiwa katika folda iitwayo Windows.old, na kwa kawaida una siku 10 tangu kupandisha toleo za kuweza kurudi ulikotoka kupitia mipangilio ya urejeshaji. Ukiona muda unakaribia kwisha, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike dism /online /set-osuninstallwindow /value:60, nawe utapata siku 60. Sisemi urudi, maana msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nasema tu mlango huo usifungwe kabla chanzo hakijajulikana.

Uelewe pia kwamba mfumo uliotoka kupandishwa toleo huwa na kazi nyingi za chinichini zisizoonekana kwenye kioo. Hujenga upya faharasa ya utafutaji kwa kusoma faili moja baada ya nyingine, kinga dhidi ya virusi hukagua upya faili zilizobadilika, hifadhi ya mtandaoni hulinganisha folda zako na zile zilizoko kwenye seva, na masasisho mengine huendelea kupakuliwa. Hali si tofauti kwa wenye Mac, ambako Spotlight, yaani chombo chake cha utafutaji, hufanya kazi ya namna hiyohiyo. Chomeka umeme, zuia kompyuta isilale, uiache iwake usiku kucha bila kuitumia. Mara nyingi uzito wa siku za mwanzo huisha wenyewe kwa njia hiyo.

Fundi_Saketi anajibu:

Ninaafikiana na Nuru kuhusu subira, lakini subira isiyo na kipimo haina mwisho. Baada ya usiku huo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue dirisha linaloonyesha kazi zote zinazoendelea, kisha uende kwenye sehemu ya utendaji. Utaona prosesa, RAM na diski, kila kimoja na mchoro wake. Usizitazame asilimia peke yake. Kwenye ukurasa wa diski tuandikie mambo matatu: asilimia ya muda ambao diski imeshughulika, kasi ya kusoma na kuandika, na wastani wa muda wa kujibu unaohesabiwa kwa milisekunde.

Ninasisitiza mambo hayo matatu kwa sababu asilimia 100 ya diski huwapotosha wengi. Asilimia hiyo haimaanishi kwamba diski inapitisha data nyingi. Inamaanisha kwamba haikupata nafasi ya kupumzika. Chukua diski ya mpakato inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua takribani milisekunde 11, kwa hiyo kwa wastani kichwa cha kusomea husubiri zaidi kidogo ya milisekunde 5 mpaka data inayotakiwa ipite chini yake, na kabla ya hapo kimekwisha kutumia milisekunde kama 10 kusogea hadi kwenye njia inayohusika. Jumla ni milisekunde 15 hivi kwa ombi moja, yaani maombi 65 hivi kwa sekunde. Ikiwa kila ombi ni la kipande kidogo cha KB 4, diski nzima isiyo na kasoro yoyote itatoa KB 260 tu kwa sekunde huku ikionyesha asilimia 100. Diski hiyohiyo, ikisoma faili moja kubwa iliyopangwa mfululizo, inaweza kufikia MB 100 kwa sekunde. Mfumo endeshi wa leo, hasa mara tu baada ya kuwashwa, huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na hapo ndipo diski ya kuzunguka inapolemewa.

Hilo pia linajibu swali lako la joto. Prosesa inayoisubiri diski haina kazi ya kufanya, na prosesa isiyo na kazi haitoi joto jingi.

Mtunzahesabu anajibu:

Ninashukuru sana kwa maelezo haya. Ni mara ya kwanza mtu kunieleza maana ya asilimia hiyo. Niliiacha iwake usiku kucha kama alivyoelekeza dada Nuru. Asubuhi, programu zote zikiwa zimefungwa, prosesa ilikuwa chini ya asilimia 10 na RAM ilitumika GB 3.9 kati ya 8. Diski ilibaki kwenye asilimia 100 kwa vipindi virefu huku kasi ya kusoma ikiwa chini ya MB 1 kwa sekunde. Muda wa kujibu ulipanda na kushuka, lakini kila ilipoganda ulivuka milisekunde 3,000.

Mchapakazi anajibu:

Zima huduma ya SysMain, ile inayopakia mapema programu unazotumia mara kwa mara, na huduma ya faharasa ya utafutaji. Zote mbili husumbua sana diski za kuzunguka, na watumiaji wengi hupata nafuu papo hapo wanapozizima.

Fundi_Saketi anajibu:

Ndugu Mchapakazi, ushauri wako unafaa pale ambapo diski ni nzima lakini imezidiwa na maombi, na hata hapo mtumiaji apende kujua kwamba bila faharasa utafutaji wa faili zake utakuwa wa polepole. Hapa ninaona jambo jingine. Milisekunde 3,000 katika mashine isiyo na kazi, baada ya usiku mzima wa kupumzika, si foleni ya maombi. Inafanana zaidi na diski inayorudia kusoma sehemu moja tena na tena kwa sababu jaribio la kwanza halikufaulu.

Mtunzahesabu, kabla hujabadilisha mpangilio wowote, soma kumbukumbu za afya ambazo diski yenyewe huzitunza, zinazojulikana kama SMART. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huzionyesha bila kuandika chochote juu ya data yako. Tazama mstari wa 05, unaohesabu sekta (vijisehemu vidogo vya diski vinavyoshika data) zilizoharibika na kubadilishwa kwa sekta za akiba, na mstari wa C5, unaohesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia. Angalia thamani ghafi iliyo mwishoni mwa mstari. Katika diski yenye afya, hiyo ya C5 inapaswa kuwa sifuri.

Mtunzahesabu anajibu:

Programu imeonyesha alama ya tahadhari kwa rangi ya manjano. Mstari wa 05 si sifuri na wa C5 si sifuri, na nilipoifungua tena jioni namba ya C5 ilikuwa imeongezeka. Je, ina maana kwamba kupandisha toleo ndiko kulikoharibu diski?

Fundi_Saketi anajibu:

Hapana, na ni muhimu kulielewa hili ili usiende kulaumu mahali pasipohusika. Kupandisha toleo huandika GB nyingi za faili mpya kwenye nafasi iliyokuwa wazi, na faili za mfumo wa zamani huachwa pale zilipo zikiwa ndani ya Windows.old. Nafasi iliyokuwa wazi huenda haikuguswa kwa muda mrefu sana, na udhaifu uliokuwamo haukuwa na njia ya kuonekana. Sasa faili ambazo mfumo unazihitaji kila dakika zimekalia sehemu hizo. Diski ilikuwa inaelekea kufa; kupandisha toleo kumeifichua mapema. Ndiyo maana pia kurudi Windows 10 kungekupa nafuu ya muda tu, na kufomati kungekuwa hatari zaidi, kwani ungefuta mahesabu yako kisha ukaweka mfumo mpya juu ya diski ileile mbovu.

Leo hii anza kunakili faili zako kwenye diski ya nje, na uanze na zile ambazo haziwezi kupatikana kwingine. Usisubiri mwisho wa wiki. Faili ikikwama, iruke, endelea na zinazosomeka, uirudie mwishoni. Tafadhali usiendeshe chkdsk /r kabla nakala hazijakamilika: amri hiyo hupitia uso mzima wa diski sekta kwa sekta, na diski iliyodhoofika inaweza kufia katikati ya kazi hiyo. Kupanga upya vipande vya faili nako ni vivyo hivyo.

Nakala zikiwa salama, nunua SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, ya ukubwa unaokutosha. Hata ile inayotumia kiunganishi cha kawaida cha SATA, ambayo kasi yake haizidi sana MB 550 kwa sekunde, hujibu makumi ya maelfu ya maombi madogo kwa sekunde, na huko ndiko tofauti utakakoihisi. Wengine watakushauri uhamishe diski ya zamani nzimanzima kwa programu ya kunakili diski. Kwa diski yenye afya ningekubali. Kwa diski inayoshindwa kusoma baadhi ya sekta, ningeweka mfumo upya kwenye SSD na kurudisha nyaraka peke yake, la sivyo utahamisha pia faili za mfumo zilizokwisha kuharibika. Anayelazimika kuhamisha nzimanzima, baadaye aendeshe dism /online /cleanup-image /restorehealth na kisha sfc /scannow, amri zinazokagua na kurekebisha faili za mfumo.

Nuru_T anajibu:

Ninaongeza neno kwa wengine wenye tatizo linalofanana kwa nje lakini lenye vipimo tofauti, ili wasikimbilie kununua diski. Ikiwa diski yako imetulia na prosesa ndiyo inayoonyesha asilimia 100, tazama kasi yake kwa GHz. Prosesa iliyokwama kwenye 0.4 au 0.8 GHz wakati wa kazi imezuiwa na kitu: katika kompyuta za mpakato, aghalabu ni chaja ambayo mashine haiitambui, au joto lililosababishwa na vumbi kwenye feni. Ikiwa kioo ndicho kinachosuasua unapovuta madirisha au kutazama video, angalia kwenye orodha ya vifaa kama draiva (programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa) ya kadi ya picha imebadilishwa na ile ya msingi ya Microsoft, kwa sababu hapo prosesa hulazimika kuchora kila kitu. Pakua draiva halisi kutoka kwa mtengenezaji wa kadi au wa kompyuta. Na kama una kinga mbili za virusi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, ondoa moja.

Wapo pia wanaoshauri kuzima ulinzi wa uadilifu wa kumbukumbu (Memory integrity), unaozuia programu hasidi kuingia kwenye kiini cha mfumo, ulio kwenye mipangilio ya usalama wa kifaa. Ni kweli kwamba ulinzi huo hugharimu kasi, zaidi katika prosesa za kabla ya Intel ya kizazi cha 7 au AMD Zen 2, ambazo hazina msaada wake ndani ya maunzi. Kwa mashine inayoshika taarifa za fedha, mimi nisingeuzima.

Mtunzahesabu anajibu:

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Nyaraka zimenakiliwa; ni chache tu zilizogoma, nami nilikuwa na nakala zake kwenye barua pepe. SSD imewekwa na mfumo umewekwa upya juu yake. Jedwali lililokuwa likiganda sasa hufunguka mara moja, muda wa kujibu wa diski hauvuki milisekunde chache, na RAM ni ileile ya GB 8. Limebaki swali moja: je, ninaweza kuendelea kuitumia diski ya zamani kwa kuhifadhia vitu visivyo na umuhimu?

Fundi_Saketi anajibu:

Usiitumie. C5 inayoongezeka haina dalili ya kutulia, na vitu visivyo na umuhimu leo huishia kuwa nakala pekee kesho. Iweke kando kwa majuma machache mpaka utakapothibitisha kwamba hakuna faili uliyoisahau, kisha uiharibu badala ya kuigawa. Kuifuta kwa kuandika juu yake hakutoshi, kwa kuwa sekta zilizokwisha kubadilishwa hazifikiwi tena na amri za kawaida za kuandika, na mabaki ya mahesabu yako yanaweza kubaki humo. Fungua kasha lake na uziharibu sahani zilizo ndani, ukiwa umevaa miwani ya kinga, maana katika diski za mpakato sahani hizo mara nyingi ni za kioo na huvunjika vipandevipande.