Jezi 12, wanaocheza 6! Nusu fainali hii ya kikapu kaitupa mwalimu

Assalaam alaykum wanajukwaa. Tangu jana usiku roho inaniuma na leo nayasema. Klabu siitaji, mwalimu simtaji, ni kaka yetu na namheshimu. Lakini hili la jana haliwezi kupita kimya.

Mechi ya tatu, ya kuamua. Robo ya tatu tupo mbele kwa pointi 11. Pointi gadi wetu, yule anayeongoza mashambulizi, hajatoka tangu mpira uliporushwa juu, na ana faulo tatu. Watu wote tunaona: kila filimbi ikilia anashika magoti, pasi zinafika nusu njia, akikaba anatumia mikono kwa sababu miguu haimfuati tena. Tunapiga kelele, "Mpumzishe!" Mwalimu kakunja mikono. Faulo ya nne, bado yumo. Robo ya nne haijafika kati, ya tano. Kwishaa! Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ukifika tano hurudi tena. Na taimauti, yale mapumziko mafupi anayoomba mwalimu, za kipindi cha pili alikuwa nazo tatu, hakuita hata moja mpaka zile pointi 11 zimeyeyuka zote.

Hapo ndipo anageuka benchi kumwita kijana wetu mdogo. Mtoto kakaa zaidi ya saa nzima, mwili umeshapoa, anaambiwa aongoze timu mechi inawaka moto. Kapoteza mipira miwili mfululizo, akafokewa mbele ya watu, babake yupo pale pale anatazama. Kosa lake nini? Ligi nzima alikuwa akiingia kila mechi na anakaba vizuri, tumefika mtoano akasahauliwa kama hajasajiliwa!

Huu si mpira wa miguu, kwamba ukimtoa mtu ndio basi. Kikapu unamtoa, anakunywa maji, anapumua dakika tatu, anarudi. Mara ngapi? Utakavyo wewe.

Najua wapo watakaoniambia mtoano ni wa wakubwa, hata NBA, ligi ya Marekani, wanafupisha benchi, wanachezesha wachache. Wanafupisha, kweli, na mie naamka saa 9 usiku kuwatazama. Lakini mwaka 2025 Indiana ya kocha Rick Carlisle ilikuwa ikizungusha watu tisa mpaka kumi, na ikaipeleka Oklahoma City hadi mechi ya saba ya fainali. Kabla ya hapo iliitoa New York 4-2. Tom Thibodeau, kocha wa New York, mtu wa kuwabebesha watano wake mzigo wote, alipokuja kubadilisha kikosi cha kuanza na kuwakumbuka wa benchi ilikuwa mechi ya tatu, kashafungwa mbili nyumbani. Siku chache baada ya kutolewa, akafukuzwa kazi. Na fainali ya 2015 Steve Kerr, kocha wa Golden State, yupo nyuma 2-1 mbele ya Cleveland, akamuanzisha Andre Iguodala ambaye msimu ule hakuwa ameanza mechi hata moja. Wakashinda tatu mfululizo, Iguodala akatoka mchezaji bora wa fainali.

Tena wale kazi yao ni hiyo tu, kula na kulala kwao kuna watu wanapanga. Senta wetu jana katoka zamu ya hoteli Nungwi, kapanda daladala ya 116 mpaka mjini, tumboni ana chai na chapati. Joto la Unguja mnalijua. Mtu kama huyo unamchezesha dakika zote 40, halafu dakika za mwisho unamuuliza kwa nini haruki kugombea ribaundi, mpira uliokosa kikapu? Na wenzake sita wamekaa na jezi kavu!

Viongozi wa klabu mumuite mwalimu mkae nae kabla ya msimu mpya. Aeleze kwa nini anasajili watu 12.

Na yule kijana leo hakuja mazoezini, simu kazima. Mwalimu amfuate kwao, yeye mwenyewe, asimtume msaidizi.