Naombeni ushauri: waya gani wa optiko utoe sauti ya TV kwenye sabufa?

Kijana wa Ilazo: Wakuu, nimebanwa. Jumapili wazee wanakuja toka Kondoa kuangalia video ya sendofu ya dada. TV ni nyembamba, sauti nayo nyembamba, hawatasikia neno. Nina sabufa. TV ina tundu la optiko. Waya gani mzuri?

Fundi Kizota: Sabufa ina matundu gani nyuma?

Kijana wa Ilazo: Ya kawaida tu. Nauliza waya.

Mama Neema: Mnahangaika na masabufa! Huku Nzuguni jirani anapiga mpaka vyombo vinatetemeka kabatini. Wapikie wazee ugali na mlenda, waongee.

Mkazi wa Chang'ombe: Mimi natumia HDMI ARC, tundu la HDMI linalotoa pia sauti ya TV, waya mmoja umemaliza kila kitu. Uza hiyo sabufa.

Fundi Kizota: Mkuu, matundu?

Kijana wa Ilazo: Nyekundu na nyeupe, basi. Lakini nimeshatanguliza hela ya waya wa mita 5, kichwa cha dhahabu. Muuzaji kasema dhahabu inasafisha sauti. Na dijitali si bora kuliko analogi?

Fundi Kizota: Kwenye waya huo haupiti umeme, unapita mwanga. Dhahabu ni urembo. Washa TV uchungulie tundu, utaona taa nyekundu. Sabufa yako haisomi mwanga, kwa hiyo weka konveta katikati: optiko inaingia huku, nyekundu na nyeupe zinatokea kule. Moto wake, volti 5, chukua kwenye USB ya TV. Halafu kwenye mipangilio ya sauti ya TV chagua PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. Konveta nyingi za bei ndogo hazifungui Dolby, sauti iliyobanwa, utaambulia kimya au mikwaruzo. TV ikiwa na tundu la hedifoni, waya wa pini moja kwenda nyekundu na nyeupe unatosha.

Mzee wa Makulu: Hamjashtuka? Huyu kijana kajiunga jana jukwaani, uzi wake wa kwanza waya wa dhahabu. Huyu ni muuzaji.

Mama Neema: Hata mimi. Sendofu wanaandaa wazazi wa binti. Iweje wazazi ndio waje kuitazama kwenye video?

Kijana wa Ilazo: Sikutaka kuyaleta hapa. Baba alimkataa mchumba, sendofu ikafanyikia kwa mjomba hapa Dodoma, wazee hawakuja. Dada alishika kipaza akaongea na baba kana kwamba yupo ukumbini. Hayo maneno ndiyo nataka ayasikie. Na waya siurudishi.

Mzee wa Makulu: Samahani kijana.

Fundi Kizota: Usiurudishe, utaingia kwenye konveta. Ila kama ni hotuba, shusha besi mpaka karibu na mwisho, itameza maneno. Pandisha trebo, spika ndogo ziweke usawa wa masikio ya mzee. Jaribu Jumamosi. Sauti ikipishana na midomo, tafuta kwenye TV sehemu ya kuchelewesha sauti.

Kijana wa Ilazo: Konveta Majengo zipo? Nitoke sasa hivi kabla hawajafunga.