Usingizi na swala ya Alfajiri: naombeni ushauri

Mja wa Mbagala: Assalaam alaykum wakuu. Saa kumi kamili adhana ikilia niko macho, Alfajiri sikosi. Ila mchana macho yanajifunga yenyewe. Nipangeje usingizi bila kuharibu swala? Kejeli baki nazo, nina hali mbaya.

Mzee wa Kahawa: Wa alaykum salaam. Ukishaswali Isha, lala. Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na kupiga soga baada yake. Sisi madrasa Bagamoyo, ukikutwa macho saa nne ni bakora. Maalimu wetu alikuwa na fimbo ya mpera, ile fimbo…

Chumvi Kidogo: Ongeza mke. Hutalala kabisa, tatizo kwisha 😂

Bint Pwani: Kaka, unalala saa ngapi? Na kazi yako je, mbona umeiruka?

Mja wa Mbagala: Saa sita, saba. Kazi udereva.

Bint Pwani: Wa gari gani?

Mja wa Mbagala: La shule. Natoka saa 11:30. Juzi nilisinzia kwenye taa, mtoto ndiye aliyeniita, "Anko, twende." Jioni nakaanga chipsi, na chipsi siachi, ada za wanangu nani atalipa? Nimeshaamua Alfajiri niiswali saa mbili, nikishawashusha. Aliyelala kalamu imeinuliwa, haandikiwi dhambi.

Nahodha77: Kalamu imeinuliwa kwa aliyepitiwa, siyo aliyejipangia kupitiwa. Na saa 11:30 Dar jua halijachomoza mwezi wowote. Swali ndipo uwashe gari. Mimi mlinzi wa usiku, kailula, usingizi mfupi wa mchana, ya nusu saa baada ya Adhuhuri ndiyo inayoniweka mjini. Swala unaitafutia ruhusa, chipsi huigusi!

Kobe Mpole: Wakuu, tunanyweshwa chai. Alfajiri ya Dar saa kumi kamili? Hata Novemba inapowahi haifiki huko. Huyu msikiti anaupita na bajaji.

Chumvi Kidogo: Nilijua tu. Chai ya tangawizi!

Mja wa Mbagala: Wallahi si chai. Msikiti wa jirani unaadhini mara mbili, ya kwanza saa kumi. Spika inatazama dirisha langu. Nikishaamka silali tena, nahesabu mabati.

Bint Pwani: Ndiyo saa unayoipoteza hiyo! Adhana ya kwanza si ya kuingia wakati. Bilali, mwadhini wa Mtume, aliadhini usiku, watu wakaambiwa waendelee kula daku mpaka aadhini mwenzake, Ibn Ummi Maktum. Hamia chumba cha nyuma. Na banda ufunge saa tatu.

Mja wa Mbagala: Chumba cha nyuma yuko mama mkwe. Saa tatu ndiyo kwanza wateja wanatoka kwenye mpira.

Nahodha77: Na watoto wa watu?

Mja wa Mbagala: Saa nne basi. Ngoja nigeuze viazi, vinaungua.