Fundi wa vyombo Matondoni: nibaki na tezo au nivae yunifomu?

KijanaWaTezo
Assalam alaykum ndugu zangu. Nisomeni hadi mwisho, kisha mnipige mawe mkipenda.

Mimi ni fundi wa vyombo vya baharini vya mbao, Matondoni, kisiwani Lamu. Umri miaka 34, mke mmoja, watoto wawili. Baba fundi, babu fundi. Tezo, kifaa chetu cha kuchongea mbao, nimeishika tangu darasa la sita, nikitoka madrasa jioni. Nalaza mkuku, ule uti wa chini wa chombo, nasimamisha mataruma, yaani mbavu zake, napiga mbao, nakalafati, yaani naziba nyufa kwa pamba, hadi siku ya kushua chombo majini watu wakivuta kamba na kuimba. Siku hiyo wallahi najiona mfalme.

Shida ni siku nyingine zote. Kazi yangu inakwenda na pepo. Kusi likivuma, bahari ikichafuka, vyombo vinapandishwa pwani na mimi nakataa wateja. Kaskazi likiingia kila mtu yuko majini, nami niko barazani nahesabu vidole. Tena wenye pesa wananunua boti za faiba, hazitaki pamba wala sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka mbao. Chombo kipya, kuanzia mkuku, nimejenga cha mwisho mwaka juzi. Kilichobaki ni viraka.

Sasa shemeji amenipatia kazi ya askari wa lango, kule bandarini Kililana. Elfu 18 kwa mwezi. Upepo ugeuke usigeuke, pesa zinaingia kwenye simu. Mke amefurahi, hata hajajificha.

Mzee bado hajui. Macho yameingia ukungu, hashiki tena tezo, lakini kila alasiri namshika mkono nampeleka pwani, anakaa juu ya gogo, anasikiliza. Napogonga pamba kati ya ubao na ubao, sauti ikiwa nzito ujue pamba haijajaa. Ikilia kavu, imeshika. Yeye huijua kabla yangu. "Hapo bado," atasema, na nikipapasa kweli nakuta uzi unalegea.

Niende au nisiende? Na nimwambie vipi?

BintiMkomani
Nenda. Mume wangu anachora nakshi za milango, kwa hiyo usidhani nasema kwa kukosa kujua. Kila wiki wageni wanasimama mlangoni kwake wanapiga picha, wanamwambia ana bahati ya kufanya kazi ya mikono. Mji wetu uliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, ni sifa kubwa, lakini nikienda dukani kukopa mchele muuzaji haniulizi habari za urithi. Mkeo hajakosea kufurahi. Wewe unaona pepo, yeye anaona sufuria.

Hesabu_Kali
Kabla hatujalia, swali. Unatoza kwa siku au kwa kazi?

KijanaWaTezo
Kwa siku. 1,500 na chakula cha mchana. Mara nyingine 500 na ahadi.

Hesabu_Kali
Na kukalafati mashua nzima ni siku ngapi?

KijanaWaTezo
Nikiwa na msaidizi, kumi hivi.

Hesabu_Kali
Basi ukiwa hodari ukamaliza kwa siku saba, umejinyang'anya siku tatu. Ustadi wako unakupunguzia mkate! Toza kwa kazi, nusu mbele, na uandike kwenye karatasi. Fundi wa simu pale mjini hafungui simu yako kabla hujakubali bei, kwa nini wewe ufungue chombo?

KijanaWaTezo
Ndugu yangu, maneno matamu, lakini nusu ya wateja wangu ni wajomba.

NahodhaKizee
Mwanangu, njoo nikwambie. Nimesafiri na vyombo vya Matondoni tangu wewe hujazaliwa. Nilidhani nitakwambia usiende. Lakini nimefikiri usiku kucha.

Bandari ile ilipochimbwa, wavuvi walilia kwamba maji waliyoyazoea yamewatoka. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikasema walipwe shilingi bilioni 1.76. Kesi ilikuwa ya wavuvi. Sasa niambie, mvuvi asipokwenda baharini, nani wa pili kulala na njaa? Si fundi aliyemjengea dau? Basi bandari hiyo hiyo ikikupa mshahara, uuchukue bila haya. Gati la kwanza limefunguliwa 2021, haliondoki kesho. Mimi nalichukia na naliona kila nikitoka, lakini chuki yangu haikulishi.

Ila tezo usiziuze. Watakuja vijana wa antiki, wanunuzi wa vitu vya kale, wakupe bei ya kukutia wazimu. Zipake mafuta, zitundike.

FaibaMombasa
Mimi nilikuwa fundi wa mbao kama wewe, leo natengeneza hizo boti mnazozisema. Malipo ni mazuri, sisemi uongo. Vumbi lake linawasha mwili mzima, harufu ya gundi inakaa puani hadi kwenye ugali. Nimetoa boti nyingi sana na sijawahi kumwita mtu aje aone. Mbao nilikuwa naita mtaa.

Lakini msidhani ujuzi umefungwa kwenye mti. Lile jahazi la Flipflopi lililoshuliwa Lamu 2018 ni plastiki ya takataka, na malapa maelfu kwa maelfu ubavuni. Nani alilijenga? Mafundi wa mbao, Ali Skanda akiwaongoza. Walifika hadi Zanzibar nalo.

BintiMkomani
Sawa, lakini hilo jahazi ni moja. Mchele ni kila siku.

KijanaWaTezo
Nimerudi, siku nne zimepita. Nimemwambia mzee.

Nilingoja tumalize sala ya alasiri, tukafika kwenye gogo, nikasema yote kwa pumzi moja. Alinyamaza muda. Nilidhani atanilaani. Akauliza, "Zamu ni za mchana au za usiku?" Nikamwambia zinazunguka. "Omba za usiku. Na likizo yako uichukue kusi." Basi. Mzee alishapiga hesabu kabla yangu.

Tulipoinuka ndipo akauliza, "Na alasiri nani atanileta?" Zamu za usiku zikikosekana sina jibu. Mtoto wangu mkubwa ana miaka minane, njia ile ina punda na bodaboda.

NahodhaKizee
Mimi sina kazi. Nitamchukua. Atanisikiliza mimi badala ya nyundo, avumilie tu.

ShelaMashua
Samahani kuingia katikati. Nina mashua ya futi 28, inaingiza maji ubao wa pili kutoka mkukuni. Nimepeleka kwa fundi mmoja, akajaza saruji, mwezi haukwisha ikaanza tena. Hiyo kazi ya lango unaanza lini?

KijanaWaTezo
Tarehe mosi. Saruji hiyo itabidi niitoe yote kwanza. Ilete maji ya bamvua, bahari ikijaa sana, tuipandishe juu kabisa. Bei ni ya kazi nzima, nusu mbele.

ShelaMashua
Hakuna neno. Ila mamako ni wa Matondoni asili? Mamangu ana ndugu huko.

Hesabu_Kali
Fundi, swali hilo usilijibu.