Ushauri wa uwekezaji Lamu na Malindi: kazi yenyewe ikoje?

Kijana wa Langoni

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Amu, yaani mji wa Lamu, na nimemaliza shahada ya biashara katika Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi. Kampuni moja ya uwekezaji imeniita niwe mshauri wa wateja wake wa Malindi na Lamu, na kabla sijajibu ningependa kusikia kutoka kwa walioifanya kazi hii, au waliohudumiwa na wenye kuifanya. Maelezo ya vitabuni ninayo. Ninachotaka kujua ni jinsi siku ya mshauri inavyopita, anakula kutokana na nini, na kama katika miji yetu, ambako akiba ya mtu mara nyingi ni kiwanja, chombo cha baharini au dhahabu ya mke, wako watu wa kutosha wanaohitaji kushauriwa juu ya hisa na hati fungani, yaani mikopo ya miaka kadhaa ambayo watu huipa Serikali au kampuni kwa malipo ya riba. Liko pia jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Baba yangu ameniuliza nitakulaje mshahara unaotokana na kuwauzia watu riba, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Mshauri wa Malindi

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Swali la mshauri anakula kutokana na nini ningeliweka mbele ya mengine yote, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua utakuwa mshauri wa namna gani. Wako wanaolipwa mshahara, wako wanaolipwa kamisheni kwa kila mteja anayeleta fedha, na wako wachache wanaolipwa ada na mteja mwenyewe kwa kukaa naye na kumpangia mambo yake. Njia hii ya tatu ndiyo safi kuliko zote, lakini huku kwetu watu hawajazoea kulipia ushauri, kwa hiyo wengi wetu tunaishi kwa mshahara mdogo na kamisheni juu yake. Mwisho wa mwezi unapokaribia na lengo uliloandikiwa halijafikiwa, mteja aliyestahili kuambiwa alipe deni lake kwanza huishia kuambiwa awekeze. Hakuna neno la uongo lililosemwa, na bado ameumizwa. Kwa hiyo uliza, kabla ya chochote, ni sehemu gani ya kipato chako itakuwa mshahara usiotegemea mauzo.

Ama siku yenyewe, Soko la Hisa la Nairobi hufungwa saa tisa alasiri, lakini muda ninaoutumia kulitazama ni mfupi sana ukilinganishwa na ule ninaoutumia kusikiliza. Huja mwalimu aliyestaafu na mafao yake, huja ndugu waliouza shamba la urithi na hawaelewani, huja wafanyakazi wa hoteli. Wote huuliza waweke wapi, nami hulazimika kuwauliza kwanza watazihitaji lini. Mhudumu wa hoteli hapa Malindi huwa na fedha tangu Desemba hadi Machi. Ikifika Aprili mvua zinaanza, hoteli nyingine zinafungwa, na Mei au Juni ndipo anapozihitaji. Ukimwingiza katika hati fungani ya miaka kumi, umempa kitu kizuri kwa wakati usiomfaa, maana akizitaka kabla ya muda atalazimika kuiuza kwa bei atakayoikuta sokoni siku hiyo.

Kisha kuna kazi ya kueleza, na hapa ndipo mshauri anapopimwa. Mwanzoni mwa 2024 bili za Hazina za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi kwa Serikali, zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16 kwa mwaka, na hati fungani ya miundombinu ya Februari mwaka huo ilitoka na asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Watu ambao hawakuwahi kuujali mnada wa Alhamisi, ambako bili hizo huuzwa, walianza kupiga simu. Kufikia katikati ya 2025 bili zilezile zilikuwa zimeshuka hadi karibu asilimia 8. Aliyenunua hati fungani aliendelea kupokea kiwango chake kama kilivyoandikwa, ilhali aliyekuwa akinunua bili mpya kila baada ya miezi mitatu alishuka nazo. Mteja aliyeelezwa tofauti hiyo mapema alikuja kuuliza afanye nini. Yule ambaye hakuelezwa alikuja kuuliza ni nani aliyemla fedha zake.

Kuhusu kama wateja wapo, wapo, ila usitegemee kazi ya kujaza fomu. Tangu 2023 Benki Kuu ina mfumo wa DhowCSD, ambao kwa huo mtu hufungua akaunti kwa simu yake na kununua bili au hati fungani mwenyewe kuanzia shilingi 50,000. Anayekuja kwako huja kwa ajili ya akili yako. Soma basi: mitihani ya wachambuzi wa uwekezaji inayosimamiwa na KASNEB, bodi ya mitihani ya Kenya ya wahasibu na wataalamu wa fedha, itakusaidia, na ukiweza uende mbele hadi CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa fedha chenye ngazi tatu. Halafu hakikisha kwamba kampuni iliyokuita imo katika orodha ya wenye leseni inayochapishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Ikiwa haimo, usiendelee na mazungumzo.

Mama wa Mkomani

Mwanangu, mimi ni mfanyabiashara wa samaki, nami nazungumza nikiwa mteja. Usishangae ukipokewa kwa baridi. Watu wetu wameona mengi, tangu ile miradi ya piramidi ya 2006 na 2007 iliyowapokonya Wakenya wengi akiba zao. Na tangu Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua mwaka 2018 kwamba wavuvi takriban 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari, visiwani hatujakosa wageni wenye maneno matamu kuhusu jinsi fedha zinavyoweza kuzaa.

Mshauri niliyemwamini nilimwuliza analipwa na nani, akanijibu palepale bila kuzunguka. Jambo la pili aliloniridhisha nalo ni karatasi. Fomu zote zilikuwa za Kiingereza, na tumezoea kuoneshwa mahali pa kutia saini tu. Yeye alinisomea kila kifungu kwa Kiswahili, pamoja na kile kinachosema kwamba meneja wa mfuko wa uwekezaji hukata ada yake kila mwaka, nipate faida nisipate. Ndipo nikajua kwamba kiwango kinachotangazwa si lazima kiwe ndicho kitakachonifikia mkononi. Tena alikuja wakati wa kusi, bahari imechafuka, vyombo havitoki na hakuna mtu mwenye fedha za kumpa, akakaa na kikundi chetu cha akina mama kuangalia ni kiasi gani kinapaswa kubaki karibu ili nyumba zisilale njaa hadi kaskazi irudi. Kama utatujia wakati wa kaskazi tu, tutakuelewa umefuata nini.

Kijana wa Langoni

Nawashukuru sana nyote wawili. Swali la baba yangu bado linanisumbua, na ningefurahi kama yuko wa kulijibu.

Mstaafu wa Mombasa

Mwanangu, nilifanya kazi kwa madalali wa hisa Mombasa hadi nilipostaafu na kurudi Amu. Baba yako ameuliza swali la haki, na usimjibu kwa kulizunguka. Bili za Hazina na hati fungani za kawaida ni mkopo wenye riba, na hakuna jina litakalobadilisha hilo. Hisa ni jambo jingine, kwa kuwa mwenye hisa ni mwenye sehemu katika biashara, anayepata ikipata na kupoteza ikipoteza. Wanazuoni wanaoziruhusu huziwekea masharti: kampuni isiwe ya pombe, ya tumbaku wala benki ya riba, na madeni yake ya riba yasivuke kiwango, ambacho kwa vipimo vya AAOIFI, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya fedha za Kiislamu, ni asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni. Tangu 2008 tuna benki zinazofuata sharia, na mwaka 2023 sukuki, yaani hati ya uwekezaji isiyo na riba, ya shilingi bilioni 3 ya ujenzi wa nyumba iliingia Soko la Hisa la Nairobi. Uwanja ni mdogo, lakini upo, na Lamu inamhitaji mtu anayeujua vizuri. Waulize hao waliokuita kama utaruhusiwa kuwahudumia wateja kwa bidhaa hizo peke yake. Wakikubali, unalo jibu la kumpelekea baba. Wakikataa, lipeleke suala kwa masheikh wa msikiti wa Riyadha, ambao wako mlangoni pako, kabla ya kuchukua shilingi ya mtu.

Naongeza jambo moja kwa aliyoyasema ndugu yetu wa Malindi. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5, na wako waliokopa ili wanunue. Mwaka uliofuata bei ilikuwa chini ya shilingi 3, na wenye madeni wakauza kwa hasara. Mwaka 2021 ilipita shilingi 40, wao hawamo tena. Kampuni ilikuwa ileile kwa wote. Kilichowatenganisha ni fedha walizoingia nazo, na hilo ndilo alilopaswa kuliuliza mshauri siku ya kwanza.

Mkataba ukija, tafuta kifungu kinachosema kwamba kamisheni yako itarudishwa iwapo mteja atatoa fedha zake kabla ya muda fulani. Ukikikuta, omba kiondolewe au kipato chako kipangwe upya, kwa maana siku mteja atakapokuja kuchukua fedha zake kwa ajili ya mgonjwa hospitalini, kifungu hicho kitakuwa kinakutaka umzuie.